Mbwa Hana Bei

Katika madhehebu yetu mbwa hana bei. Sisemi kwamba ni ghali wala rahisi, nasema hauziki. Mtu akimshtaki mwenzake kwa kadhi kwamba kachukua mbwa na hajalipa, kwa fikihi ya Imamu Shafi dai hilo halisimami, kwa kuwa mauzo yenyewe hayakufungika tangu mwanzo. Msingi wake ni hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Masud al-Ansari, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza thamani ya mbwa, ujira wa kahaba na malipo ya mpiga ramli. Hadithi hiyo nimeisoma kwa mashehe wangu, nikaja kuisomesha mwenyewe, na miaka yote hiyo haikunigusa kwa lolote. Imekuja kunigusa uzeeni, mbele ya banda la mbwa huko Usa River, chini ya mlima Meru, watoto wanane wa German Shepherd wakinikanyaga viatu na mwenyewe akisubiri nitamke nimempenda yupi.

Niseme kilichonipeleka. Nina shamba la machungwa Muheza, na mbuzi wachache wa maziwa. Msimu wa machungwa ukichanganya, wezi huja usiku na viroba, pikipiki wameiacha barabarani imezimwa, wakaukung'uta mti hadi matawi yakavunjika. Anayevunja tawi la mchungwa haibi mavuno ya mwaka huu peke yake. Mlinzi tuliye naye ni mtu mzima mwenzangu, na masikio yake yamechoka kama yangu. Mkwe wangu, ambaye ni daktari wa mifugo, ndiye aliyelisema: "Baba, tafuta mbwa. Usichukue wa kufungwa mnyororo akabwekea upepo. Tafuta mbwa wa kazi, ambaye wazazi wake unaweza kuwaona."

Kwa hapo sheria haina kizuizi. Ipo hadithi kwamba anayefuga mbwa hupungukiwa na thawabu za amali zake kirati moja kila siku, na katika riwaya nyingine kirati mbili, isipokuwa awe mbwa wa mifugo, wa kuwinda au wa shamba. Mimi nina mifugo na nina shamba. Na aya ya 4 ya sura al-Maida imehalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofundishwa kuwinda, nao wafasiri wanamtaja mbwa mbele ya wote. Basi mlango wa haja uko wazi. Kilichobaki ni mambo mawili: najisi, na hiyo bei.

La najisi nilimalize mapema, maana ndilo watu wanaloliuliza sana na ndilo jepesi. Watoto wa pwani hukutana na mbwa kitabuni mara ya kwanza katika Safinatun-Najaa, kile kitabu kidogo cha fikihi kinachosomwa karibu kila chuo. Humo mbwa ametajwa na nguruwe katika najisi nzito: alichokigusa kwa unyevu wake kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtoto akitoka chuoni akamwona mbwa njiani, anaokota jiwe. Kitabu hakikumfundisha jiwe. Jiwe kalipata mtaani. Damu yangu mwenyewe ni najisi, na mkojo wa mjukuu wangu ninayempakata ni najisi, wala hakuna aliyepata kusema kwamba kwa hiyo tumdharau mjukuu. Najisi ni habari ya sala, ya nguo na mwili na mahali pa kusalia. Thamani ya kiumbe haipimwi humo.

Tena maimamu wenyewe hawakukubaliana. Imamu Maliki, aliyemsomesha Imamu Shafi pale Madina, alishika kwamba kila kilicho hai ni twahara, mbwa pamoja, na kuosha chombo mara saba akakuona ni ibada tunayoitii bila kuuliza sababu. Wafuasi wa Abu Hanifa wakasema ute wake ni najisi, mwili wake sio. Sisi Mashafi ndio tuliokaza kuliko wengi, na hata sisi tunasema kikavu kikigusa kikavu hakuna cha kuosha. Jirani yangu aliposikia habari za mbwa alinitupia methali: ukicheza na mbwa, utaingia naye msikitini. Nikamjibu kwamba katika Sahihi ya Bukhari yumo Ibn Umar akisimulia kuwa zama za Mtume mbwa walikuwa wakipita msikitini, wanaingia na kutoka, na watu hawakuwa wakinyunyiza maji kwa ajili hiyo. Wanavyuoni wetu wana maelezo yao juu ya riwaya hiyo, nami sikuileta ili kuvunja madhehebu. Niliileta ili jirani apunguze sauti.

Mke wangu yeye alisimama kwenye hadithi ya malaika, kwamba hawaingii nyumba yenye mbwa. Mwanachuoni al-Khattabi alisema hiyo ni kwa mbwa asiyeruhusiwa kufugwa. Imamu Nawawi akaona ni kwa mbwa yeyote. Sikutaka kubishana na mama watoto kwa ulimi wa Khattabi. Nilijenga banda kwenye kingo ya shamba, mbali na nyumba, na mjadala ukaisha hapo.

Sasa bei. Mashehe wetu wa zamani hawakuwa wajinga wa mahitaji ya watu. Walijua mchungaji anahitaji mbwa, na mwenye mbwa mzuri hatamtoa bure. Wakasema: mbwa hamilikiwi kama mali, lakini mtu anaweza kuwa na haki ya kumshika na kunufaika naye kuliko mwingine. Haki hiyo anaweza kuiachia kwa malipo. Kinacholipiwa ni yeye kuuondoa mkono wake ili mkono wangu uingie. Katika vitabu jambo hili linaitwa kuhamisha mkono, na hutumika pia kwa samadi na vinginevyo vyenye manufaa visivyouzika. Wengine hawakuhitaji mzunguko huo: Abu Hanifa aliruhusu kumuuza mbwa, na Sahnun, mwanachuoni mkubwa wa Kimaliki wa Qayrawan, anasimuliwa kusema kwamba yeye angemuuza na kwa bei yake akaenda kuhiji.

Nimewasikia vijana wakiita huko kuhamisha mkono ujanja wa vitabuni. Pesa ni zile zile, mbwa ni yule yule, tofauti iko wapi? Nami nilikuwa nikijiuliza hivyo hivyo ndani ya basi, kutoka Segera hadi Mombo. Jibu sikulipata kwenye basi. Nililipata kwa mwenye mbwa, ambaye ni Mlutheri na hajapata kusikia habari za Sahnun.

Ni mama wa makamo, mstaafu, mwenye migomba na kahawa nyuma ya nyumba na mabanda yaliyofagiliwa kuliko nyumba nyingi. Aliniona kofia akaniita Shehe, nami nikamwita Mama, tukaenda hivyo hadi jioni. Kila mtoto wa mbwa alikuwa na uzi wa rangi shingoni: mwekundu, kijani, buluu, njano, na kadhalika. Kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake alikuwa ameandika uzito wao siku baada ya siku tangu kuzaliwa, siku waliyofumbua macho, siku walizopewa dawa ya minyoo, chanjo ya kwanza. Mama yao alikuwa amelala pembeni, ananitazama bila kuinuka. Baba yao alikuwa na karatasi yenye majina ya mababu.

Karatasi ile alinionyesha kwa fahari, na kwa kweli ina historia. Mwaka 1899, kwenye maonyesho katika mji wa Karlsruhe, afisa wa jeshi wa Ujerumani aitwaye Max von Stephanitz alimwona mbwa mmoja wa kuchungia kondoo, akamnunua pale pale, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath na kumwandika wa kwanza katika daftari la jamii mpya. Aina nzima ya German Shepherd imeanzia kwenye daftari hilo. Nilimsikiliza Mama, na moyoni nikawa namfikiria mbwa wa vijana wanaoitwa Watu wa Pangoni. Huyo Qurani imemtaja katika sura al-Kahf, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na watu walipobishana idadi ya vijana wale, kila hesabu ilimtia na yeye. Jina lake halikutajwa, wala rangi yake, wala mzazi wake. Wafasiri ndio waliokuja kumtafutia jina. Alitajwa kwa mahali alipokaa na watu aliokaa nao.

Nikadhani sasa nitachagua. Kumbe zamu ya kwanza ilikuwa ya Mama.

"Shehe, shamba lina uzio?"

Nikamwambia lina uzio wa michongoma, na mahali palipotoboka patazibwa.

"Mchana atalishwa na nani?"

Nikamtaja kijana wa mbuzi.

"Huko kwenu watoto huwapiga mbwa mawe. Nimekaa Tanga, naijua. Mtafanyaje?"

Hapo nilinyamaza kidogo. Nikamwambia watoto wanaopita kwangu ni wanafunzi wangu, na somo la najisi nitalisomesha upya, mbwa akiwepo. Akacheka, lakini aliandika kitu kwenye daftari. Baadaye aliniambia kwamba kuna mtu alikuja na gari zuri, akataka yule mkali kuliko wote, na alipoulizwa atamweka wapi akasema kwenye mnyororo getini. Aliondoka na pesa zake.

Ndipo nikaanza kuiona tofauti niliyokuwa nikiitafuta. Duka haliniulizi nitaipeleka wapi sukari. Nikishalipa, mimi na mwenye duka tumemalizana, na sukari haina la kusema. Mama alikuwa anashika pesa yangu mkononi na bado hajamalizana na mimi, kwa sababu alichokuwa anakitoa ni nafasi yake ya kumwangalia kiumbe huyu, naye alitaka kujua ni nani anayeingia katika nafasi hiyo. Mashehe wetu walipokataa kuiita hiyo biashara, hawakuwa wanacheza na maneno. Walikuwa wameona kwamba mkono unaotoka lazima ufuatwe na mkono unaoingia, na mkono una kazi. Mali unaweza kuiacha ikaoza, ukawa mpumbavu tu. Mbwa ukimwacha akafa njaa, unaye mwanamke wa hadithi aliyeingia Motoni kwa paka: alimfungia, hakumlisha, hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini.

Basi, nichague vipi? Mkwe wangu alikuwa amenipa mtihani. Uangushe kitu cha kelele, alisema, uwatazame. Mama akaleta mfuniko wa sufuria, akauachia kwenye saruji. Wawili wakakimbilia kwa mama yao wasirudi. Mwekundu hakushtuka hata kidogo, akaendelea kumng'ata ndugu yake sikio. Yule jike mwenye uzi wa kijani alirukia nyuma ya ndoo, akachungulia, kisha akaja polepole, shingo ndefu, akaunusa mfuniko ukingoni mpaka akaumaliza wote, akaketi juu yake.

"Huyo," nikasema moyoni.

Lakini mkwe wangu huyo huyo, ambaye ni msema kweli, alikuwa amenionya nisiuamini sana mtihani wake. Uswidi walipata kuwapima mamia ya watoto wa German Shepherd wakiwa na wiki nane, wakawafuata mpaka ukubwani katika kituo cha mafunzo, na matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1998, yalionyesha kwamba kipimo cha utotoni hakikufaa kutabiri nani atakuwa mbwa mzuri wa kazi. Kinachojulikana kwa uhakika zaidi ni kile walichokiandika Scott na Fuller mwaka 1965, baada ya utafiti wa miaka mingi huko Bar Harbor, Maine: kwamba kuanzia kama wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili mbwa anakuwa katika umri wa kuzoea, na anachokikosa hapo ni shida kukirudisha. Maana yake nusu ya umri huo Mama alikuwa ameshaitumia, na nusu iliyobaki ilikuwa inasubiri mikono yangu.

Hilo lilinikalia sana. Mtu anayechagua mtoto wa mbwa hujiona kama anapekua: anatafuta yule mzuri aliyefichwa kati ya wanane, na hofu yake ni kumkosa. Kumbe yule mbwa anayemtafuta bado hayupo. Yaliyomo ndani ya huyu wa kijani yako kwa Mungu, na sehemu kubwa ya atakavyokuwa itatoka kwangu na kwa kijana wa mbuzi na kwa watoto wa chuo. Ningekuwa nanunua bidhaa, hali hiyo ningeiita gharari, biashara ya kisichojulikana, nikairudisha pesa mfukoni. Lakini kisichojulikana hakiharibu ahadi. Ahadi zote kubwa tunazifunga gizani. Tunaoa hatujui, tunazaa hatujui, na hakuna kadhi anayeivunja ndoa kwa kuwa bwana harusi hakujua mkewe atakuwaje akifika miaka hamsini.

Kwa hiyo swali la "yupi bora" likapungua uzito mikononi mwangu, na likaja jingine: je, nikimchukua, nitaweza kumbeba akiwa katika hali yake mbaya kuliko zote? Hapa fikihi ya madhehebu yetu, hii hii inayosemwa imemtupa mbwa, ina neno ambalo halisomeshwi vya kutosha. Izzuddin bin Abdis-Salaam, Mshafi aliyefariki Cairo mwaka 1262, aliziorodhesha katika kitabu chake cha Qawaid haki za wanyama juu ya mwanadamu. Ya kwanza ni kumlisha mnyama kwa kadiri ya wenzake hata kama amezeeka au ameugua asiwe na faida tena. Kisha asibebeshwe asichokiweza, asichanganywe na mwenye kumdhuru, malazi yake yawe mazuri, na mtoto wake asichinjwe mbele ya macho yake. Nilikuwa nikiisoma orodha hiyo kwa ajili ya punda na ngamia. Sasa isome kwa ajili ya mbwa wa shamba. German Shepherd anajulikana kwa ugonjwa wa nyonga. Mkwe wangu ameona wengi ambao miguu ya nyuma iliwaishia wakiwa bado na macho makali. Mbwa huyo haingii kazini, na chakula chake kiko pale pale shingoni mwangu.

Angalia sheria ilivyopanga mambo hapa. Haja ndiyo inayoufungua mlango, kwani bila shamba na mbuzi nisingeruhusiwa kumfuga. Lakini haja haiwekwi kuwa kipimo cha wajibu. Wezi wakihama, nyonga zikioza, haja imekwisha, na wajibu haujakwisha. Nimeingia kwa sababu yangu, na siwezi kutoka kwa sababu yangu. Sijui kama ipo biashara duniani yenye sharti hilo, na kwa hiyo siwezi kuwalaumu waliokataa kuiita biashara.

Kulikuwa na jambo moja zaidi pale bandani. Yule mwenye uzi wa njano alikuwa mdogo kuliko wote, ana ngiri ya kitovu iliyotokeza kama punje ya kunde, na ndiye aliyekuja kulala juu ya kiatu changu. Mtu mwenye moyo ataelewa lilivyonishika. Nikamkumbuka yule mtu wa hadithi aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji na kupanda nacho kwa meno, ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe. Riwaya nyingine inamtaja kahaba wa Bani Israili aliyefanya vivyo hivyo. Je, huruma haikuwa inaniamuru nimchukue wa njano?

Nililipima, nikaona hapana. Yule mtu wa kisimani hakumchagua mbwa wake. Alimkuta, akampa alichokihitaji, akaenda zake. Hakuna riwaya inayosema alimpeleka nyumbani. Huruma ya namna hiyo haina uchaguzi ndani yake, nayo tunadaiwa kwa kila mbwa koko anayepita kwenye karo la chuo na ulimi nje. Mimi sikuwa nimeenda Usa River kuhurumia. Nilikwenda kwa haja, na ruhusa niliyo nayo imefungwa kwenye haja hiyo. Kumchukua dhaifu nikamweka kwenye shamba lenye wezi wenye mapanga, ili mimi nijione mwema, kungekuwa kumbebesha asichokiweza, na hilo Izzuddin kalikataza kwenye orodha ile ile. Nilipomuuliza Mama habari zake akasema, "Huyo haendi shambani kwa mtu. Ngiri ikifunga vizuri nitamtafutia nyumba ya wazee, ama atabaki na mimi." Alikuwa ameshalimaliza kabla sijafika.

Nikamwinua wa kijani. Akanilamba kiganja chote, na vidole, kimoja kimoja. Mama alipoona nimeusimamisha mkono hewani hakuuliza. Alikwenda kwenye migomba, akarudi na udongo mkavu kwenye kipande cha kibuyu na dumu la maji. Akanimiminia huku akihesabu yeye, kwa sauti, mpaka saba. Alisema katika ujirani wake wa zamani Tanga aliwahi kuwamiminia wengi.

Tukaandikiana karatasi. Mimi niliomba isiandikwe nimenunua. Iandikwe kwamba yeye ameniachia haki yake juu ya mbwa huyu, nami nimempa shilingi laki nne na nusu kwa kuiachia. Alisoma, akasema hana neno. Kisha akaongeza sharti lake, ambalo anamwekea kila mtu: nikishindwa kumtunza, kwa sababu yoyote na kwa umri wowote wa mbwa, nimrudishe kwake, nisimpe mtu mwingine wala nisimwachie njiani, na yeye hatanirudishia pesa. Nililisoma sharti lile nikaona ameandika fikihi. Vitabu vyetu vinasema mwenye mnyama akishindwa kumlisha, hakimu atamlazimisha amlishe au amuuze au amchinje kama ni wa kuchinjwa. Mbwa hauzwi wala hachinjwi, basi kinachobaki ni kumpa mkono mwingine utakaomweza. Mama alikuwa ameutaja mkono huo kwa jina na namba ya simu.

Konda wa basi la kurudi alidai nauli ya mzigo kwa tenga. Nililipa. Abiria wa kiti cha mbele alihama, na wa nyuma akamega mkate wake akauliza kama mbwa anakula.

Siku hizi vijana wanaonijia kuuliza kama inafaa kununua mbwa hunikuta na maswali ya Mama badala ya jibu: uzio, chakula cha mchana, mawe. Wengi wao tayari wameshachagua rangi. Nawaambia rangi haina ubaya, ila wanijibu kwanza swali ninaloliongeza mwisho, la mbwa aliyezeeka kwenye shamba lililouzwa. Wachache huondoka wamekasirika. Mmoja alirudi mwezi uliofuata na picha ya uzio.

Mimi mwenyewe lipo lililonipasa kulimaliza. Mbwa wa aina hii huishi miaka kama kumi, wengine hupita, na mimi si kijana. Imamu Nawawi katika Minhaj anaruhusu kuusia kitu najisi chenye manufaa ya halali, na mfano anaoutoa ni mbwa aliyefundishwa. Kwa hiyo kwenye wasia wangu, chini ya shamba na vitabu, nimeongeza mstari mmoja wa nani atamshika nikitangulia. Nimemwandika mwanangu wa pili, baada ya kumpigia simu kumuuliza. Alisema hana pingamizi, ila angependa aje amwone kwanza kabla hajakubali. Nikamwambia aje, amwone, akae naye hata siku mbili. Lakini asije na mfuniko wa sufuria, kuchagua kulishakwisha.